Fundi Hakuuawa na Yai

Wasomaji wangu, yule fundi wetu wa kuchomelea vyuma pale Bunda amefariki, na tumeshamzika kwao Butiama. Kabla hamjaniuliza, maana najua midomo inawawasha: siyo yai. Ni presha. Daktari kasema presha, na daktari mwenyewe habari ya yai hata hajawahi kuisikia. Lakini pale msibani mzee mmoja akanivuta shati, akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata marehemu angeisikia: "Mura, kijana wangu, mimi si nilisema? Limechelewa tu." Sasa kwa ajili ya mzee huyo, na wengine wenye kichwa kama chake, ngoja niwaeleze, maana nilikuwepo. Nilikuwaga nauza dagaa ubavuni mwa karakana yake.

Fundi alikuwa mlokole wa sauti kubwa. Akiimba pambio Bunda, ng'ombe wa Butiama wanaacha kula, wanageuza shingo. Na moyoni alikuwa na mzigo mmoja: wachezaji wa chuo cha pale jirani. Alitaka wawe na feloshipu yao, vijana wa mpira na wa riadha, wamjue Yesu na jezi zao mwilini. Basi kila jioni anafunga karakana, anasimama pembeni ya uwanja na Biblia. Vijana wakimwona anawajongelea, wanaongeza mbio. Hawajawahi kukimbia vile. Kocha akafurahi, akamwambia, "Fundi, uwe unakuja kila siku, unatusaidia mazoezi."

Ikatokea goli moja la uwanja likaanguka. Chuo wakamwita Fundi achomelee, asimamishe upya, na mimi nikaenda kumshikia nguzo. Kuchimba shimo, jembe likaibua kitambaa chekundu, ndani yake yai. Golikipa, kijana mrefu mwenye mikono inayoweza kukusalimia wewe Bunda yeye yuko Musoma, akapiga yowe: "Fundi, rudisha! Hilo ndilo linadakaga!"

"Linadaka hili? Na wewe kazi yako nini?"

"Mganga amesema mtu akiligusa anakufa."

"Mmelifukia lini?"

"Jana. Tunabadilishaga kila wiki."

"Kumbe bichi!" Fundi akalipasulia juu ya chuma alichotoka kukichomelea. Likaiva kabla hajamaliza kuombea chakula. Akala, akajifuta mdomo, akawageukia: "Sasa chumvi ndiyo hamkufukia?"

Timu nzima ikasimama pale inamtazama. Hakuna aliyekimbia safari hii. Fundi akauliza wanangoja nini, golikipa akajibu kwa adabu zote, "Samahani mzee, tunangoja ufe." Fundi akacheka mpaka nguzo ikanitoka mkononi. "Basi kaeni chini, tungoje wote." Wakakaa. Na kwa kuwa kungoja mtu afe kunachosha, akafungua Biblia. Kesho yake wakaja tena kuhakikisha. Mganga akawaambia labda itachukua wiki, wakaja wiki nzima. Akasema labda mwezi, wakaja mwezi. Mpaka mganga anaishiwa tarehe, vijana wanajua mapambio yote na wanagombania kusoma neno. Ndiyo feloshipu hiyo, wasomaji wangu. Imeanza kama msiba uliokosa maiti.

Lakini moyo wa mtu si bati, hauchomelewi ukashika siku moja. Ikaja mechi ya Musoma, na golikipa akamfuata Fundi karakana. "Mzee, tumekaa wachezaji wote, tumekubaliana. Nasimama golini bila yai. Tukifungwa, nafukia jingine, na feloshipu ndiyo mwisho." Siku zile chakula kilimkataa Fundi, yeye ambaye samaki sato mzima alikuwa kwake kama karanga.

Tukaenda na lori lililotoka kupakua pamba. Tulivyoshuka Musoma tumejaa manyoya meupe kichwa mpaka mguu, washangiliaji wakatupokea: "Kuku! Kuku wa Bunda hao!" Na tukafungwa. Jamani, tulifungwa! Aliyekuwa anaandika magoli ubaoni aliomba chaki nyingine. Wahenga wanasema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini wahenga hawakupanda lori lile la kurudi. Kapteni akasema, "Haya Fundi, Mungu wako yuko wapi?" Fundi akainamisha kichwa. Nikajua imeisha.

"Mzee," golikipa akaita kutoka nyuma.

"Nipo, mwanangu."

"Magoli ya leo nimeyaona yote."

"Hata sisi tumeyaona, mwanangu. Musoma nzima imeyaona."

"Hapana, nasema nimeyaona yakija. Zamani mpira ukija nilikuwaga nageuka kuangalia nguzo, nione kama yai linafanya kazi. Leo nimeangalia mpira. Sijauweza, ila nimeuangalia."

Lori likacheka mpaka dereva akasimamisha, akidhani tumeanguka. Kapteni akauliza, "Kwa hiyo unafukia jingine au hufukii?" Golikipa akasema, "Sifukii. Najifunza kudaka." Fundi akaanzisha pambio, na nina hakika Ukerewe walilisikia.

Mimi naona kila mtu ana yai lake limefukiwa mahali. Mchimbaji dhahabu wa Buhemba analo, mgombea analo, mwanafunzi ana kalamu moja tu ya mtihani, akiipoteza atafeli. Kosa la yai siyo kwamba halidaki. Kosa lake ni kwamba linakugeuza shingo wakati mpira unakuja.

Golikipa yule sasa ni mwalimu, ndiye anaongoza feloshipu. Kule Butiama, jeneza lilipoanza kushuka, sisi wote tuliangalia viatu vyetu. Yeye alisimama mbele kabisa, mikono yake mirefu imeshika kamba, macho wazi, analiangalia mpaka likagusa chini. Hakugeuka hata kidogo. Basi nimejifunza hilo tu: kinachokuja kije, wewe kiangalie.

Halafu vijana wa feloshipu wakagawa mayai ya kuchemsha, na chumvi. Yule mzee aliyenivuta shati alikataa, akafikiria, akala mawili. Mpaka naandika hapa, yuko hai.