Nilivyosimama Kutazama Theluji

Naungama ujinga wangu: nilipoteza mashindano ya pikipiki ya siku mbili kwa kutazama mlima. Mimi, mpenda kukaa nyumbani, nilikuwa naongoza! Kwetu Bwera majirani walishaanza vigelegele.

Asubuhi ya pili, nilipopita Katunguru, mawingu yakafunguka na Rwenzori ikatokea na theluji yake yote, nyeupe, kimya, kubwa kuliko maneno. Nikazima injini, nikavua helmeti, nikasahau kwamba niko mashindanoni. Wenzangu wote wakanipita.

Nilifika Bwera, kwenye mwisho wa mashindano, nikiwa wa mwisho, nikawaambia majirani nimepata pancha. Wakanipa pole. Ndipo jirani yangu Mama Biira, muuza samaki, akashuka kwenye boda akitoka Katunguru kuchukua samaki:

“Pancha ya wapi? Nimekupita asubuhi nikienda, umesimama mudomo wazi, unaangalia mulima yenye iko nyuma ya choo yako!”