Joto Ndani ya Kiwanda cha Barafu

Miaka ishirini na miwili alitengeneza barafu, na mtaa mzima ulimwita Taratibu. Jina hilo lilianzia kwa mkewe, aliyewaambia majirani kwamba nyumba ikishika moto, mume wake atatafuta kwanza viatu, avipanguse vumbi, ndipo atoke. Mwenyewe hakukasirika. "Barafu haigandi kwa kelele," alisema, akaendelea kunywa chai.

Kiwanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye sakafu isiyokauka. Upande mmoja palikuwa na mashine ya kugandisha, upande wa pili mashine ya kusagia, na katikati tangi la saruji lenye maji ya kawaida. Kalibu za bati zilichovywa humo kidogo ili mabonge ya barafu yaachie. Wauza samaki walikuja alfajiri, wauza soda baadaye. Kufikia mchana kazi ilipungua, na Taratibu alibaki na fundi wa mashine, mtu mnene aliyependa kulalamika.

Nyuma ya ukuta palikuwa na ghala la zamani lililogeuzwa ukumbi wa dansi. Kila Jumamosi mchana vijana walijaa humo, na madirisha yalifungwa ili majirani wasisumbuliwe na muziki. Mmoja wa vijana hao alikuwa mpwa wake Taratibu, binti wa dada yake, msusi wa miaka ishirini na mitatu. Akichoka kucheza alipita lango la nyuma, akaketi juu ya kreti, akatafuna kipande cha barafu huku akimsimulia mjomba wake umbea wa saluni.

Jumamosi moja, saa tisa mchana, aliingia akiwa amejishika ukuta.

"Mjomba, nimekuja kupoa," alisema, akacheka peke yake. Kisha akauliza mbona wameuhamisha mlango. Meno yalikuwa yanasagana, na mboni za macho zimepanuka. Taratibu alimgusa shingoni akauondoa mkono haraka, kama aliyeshika sufuria iliyotoka jikoni.

"Homa hiyo," alisema fundi. "Mpe dawa ya homa, umfunike shuka. Huoni anavyotetemeka?"

Shoga wa msusi huyo alikuwa amemfuata mbio. Alisimama langoni, machozi yakimtiririka, wala haingii.

"Njoo hapa, binti," Taratibu alimwita. "Sikugombezi. Nataka ukweli tu. Amemeza nini?"

"Kidonge, mjomba. Vile vya kuchangamsha. Kimoja kabla hatujaingia. Akaona kimechelewa, akaongeza cha pili."

Namba ya zahanati ilikuwa imeandikwa kwa chaki ukutani, maana friji yao ya chanjo ikiharibika walikuja kuchukua barafu hapo. Daktari aliipokea simu mwenyewe. Alisikiliza, akauliza maswali mawili, kisha akasema maneno ambayo Taratibu aliyakumbuka neno kwa neno.

"Hiyo si homa, na dawa ya homa haitafanya kitu. Vidonge vimewasha moto mwilini na misuli inauchochea. Ukingoja gari la wagonjwa, ubongo na figo vitaumia. Mpooze sasa hivi. Una tangi?"

"Ninalo."

"Tia barafu kwenye maji. Mvue nguo nzito, mwingize hadi shingoni. Mtu mmoja akishike kichwa, asikiachie hata mgonjwa akishikwa na degedege. Msimpe kitu mdomoni. Wala msimkandamize, maana akipambana joto linazidi. Mimi nakuja."

Fundi alisimulia baadaye kwamba siku hiyo alimwona Taratibu mwingine. Hakukimbia, hakupiga kelele, lakini hakuna hatua iliyopotea. Mabonge manne yalipita kwenye mashine ya kusagia, ndoo zikamiminwa tangini, na yeye mwenyewe akaingia na nguo zake, mpwa wake akiwa mikononi. Alimlaza kichwa kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto. Mpwa wake alipiga mayowe. Akampiga mjomba wake kofi la uso, akamwita jina la mteja fulani asiyelipa.

"Mimi ni mjomba wako," alimjibu kwa sauti ya chini. "Tulia, mama. Hebu nimalizie ile habari ya yule bibi harusi aliyekataa kusukwa na mawifi zake. Mliishia wapi?"

Taratibu akaendelea kuzungumza, akibuni mwenyewe jinsi bibi harusi na mawifi zake walivyopatana. Yule shoga aliyakoroga maji kwa mwiko mrefu wa mbao, kwa sababu fundi alimwambia maji yaliyotulia yanapata joto karibu na ngozi. Miguu ya Taratibu ilikufa ganzi.

Daktari alifika na muuguzi na kipima joto. Hakupima kwapani, alisema kwapani hudanganya. Alipima kwa njia ya haja kubwa, muuguzi akiwa amewakinga kwa shuka.

"Arobaini na moja na nusu. Na hapo ameshapoa kidogo. Endeleeni."

Akamchoma sindano ya kutuliza begani. Taya likalegea, mikono ikaacha kupiga maji. Walipima tena na tena hadi kipima joto kiliposema thelathini na nane na nusu. "Mtoeni sasa. Tukizidisha atapoa kupita kiasi."

Gari lilipoondoka naye kwenda hospitali, Taratibu aliketi juu ya kreti, maji yakimchuruzika, ndipo akaanza kutetemeka. Fundi alimletea koti bila kulalamika neno.

Hospitalini mkojo wa msusi ulitoka rangi ya chai isiyo na maziwa. Misuli imeumia, walisema, na uchafu wake unazielemea figo. Siku tatu maji ya dripu yaliingia mshipani, chupa baada ya chupa, na kila asubuhi mama yake aliuliza habari za mkojo kabla ya salamu. Siku ya nne ukawa safi.

Mama mtu alikuwa ameambiwa ni joto la ukumbini tu. Taratibu hakulikanusha hilo, lakini alimwinamia mpwa wake kitandani. "Mimi sitamwambia. Ni kazi yako."

Binti alilia kwanza. Kisha akasema yote, hata cha pili alichoongeza, hata siku nyingine mbili za nyuma.

Mama yake aliikunja kanga, akaikunjua. "Akili ni nywele," alisema mwishowe, "na wewe ndiye msusi. Nilidhani zako umezisuka vizuri."

Msusi alicheka kabla hajajizuia, na mama akamshika mkono.

Wiki iliyofuata Taratibu alikwenda kwa mwenye ukumbi. Walibishana kutwa nzima juu ya kelele, majirani na madirisha. Alipoondoka, madirisha mawili ya upande wa kiwanda yalikuwa wazi, na walikuwa wamekubaliana pawe na chumba cha kupumzikia chenye feni na namba ya zahanati mlangoni. Muziki sasa ulimfikia wote, wimbo mmoja hadi mwingine. Alilalamika kwa mkewe kwamba haujui kuimba wala kunyamaza, na Jumamosi ilipofika akauacha mlango wake wa nyuma bila komeo.