Shangazi Kaja Kunena

Wifi yangu ameingia sasa hivi ananukia udi, na mie nimeacha kukuna nazi.

Harufu hiyo naijua. Nikiwa mdogo, kwetu Temeke, shangazi yangu alikuwaga anakuja na kanga zake za kupikia, kelele zinamtangulia uchochoroni. Siku moja akaja amejifukiza udi kama anakwenda harusini. Akabisha hodi taratibu, akanibusu shavuni. Hakuwahi kunibusu.

"Wifi," akamwambia mama, "nimekuja tunene."

Mama akafunika mchuzi, akamfuata chumbani. Mie nikaenda uani kwa bibi, mama yake baba, aliyekuwa akichambua mchele.

"Bibi, kunena ndiyo nini?"

"Kuongea."

"Mbona hakusema tuongee?"

Bibi hakuinua macho kwenye ungo. "Kuongea, mnaongea wote. Lakini neno limetokana na kunena. Mtu akija kunena, neno lake analo tayari, kalibeba kutoka huko. Wewe unalipokea tu."

Nikautazama ule mchele. Haukuwa na chuya hata moja, ila bibi aliendelea kuuchambua.

Mama alipotoka, nguo zake zilikuwa zimefungwa kwenye shuka. "Mwanao kaniacha," akamwambia bibi. "Kamtuma dada yake."

Bibi akapepeta mchele.

Wifi yangu amekaa sebuleni, chai hataki. Mwanangu kanifuata jikoni, anajifuta shavu.

"Mama, mbona leo shangazi kanibusu?"