Omweso Stesheni

Mwaka ule Wahindi walipoamriwa kuondoka Uganda, nilimwona askari stesheni ya Kampala akipekua begi la kijana wa Kihindi. Akatoa ubao wa omweso, ule mchezo wetu wa mashimo na mbegu.

"Hii ni mali ya Uganda!"

"Ni yangu, afande. Nacheza kila Jumapili kwetu Ggaba."

"Kwenu India!"

"India sijafika."

"Basi cheza na mimi. Ukishindwa, nachukua."

Wakachuchumaa. Vidole vya kijana vilikwenda mbio hata askari akabaki hana mbegu ya kusogeza. Akakuna kichwa, kisha akaubeba ubao mwenyewe mpaka behewani.

"Mchezo haijaisha," akafoka. "Lazima utarudi!"

Kati ya amri zote za jeshi nilizosikia mwaka ule, hiyo ndiyo niliyoipigia makofi.