Kitabu cha Mzee Salimu na Posa ya Dada Yangu

Wiki iliyopita, mjini Kitale, nilipita duka la nguo lililokuwa likifukiza udi, nikasimama kando ya barabara kama mtu aliyesahau alichotumwa. Tumemzika dada yangu Nekesa mwezi uliopita, na siku hizi kila kitu kinanirudisha kwake.

Baada ya vile vita kuu vya pili tulikaa Kitale, ingawa kwetu ni Bungoma. Jirani yetu Mzee Salimu, Mwarabu muuza nguo, alikuwa rafiki wa baba. Mwanawe Saidi alimpenda Nekesa, na Nekesa akamwomba baba aipokee posa ikija.

Jioni moja mzee akaja, kanzu yake ikinukia udi, kitabu kikuukuu kwapani. Nekesa akaleta chai. Mzee akasoma kwa Kiarabu, kisha akatufasiria taratibu: wataalamu wao wa kale waliigawa dunia mikanda saba. Watu wa kaskazini, baridi imewafanya wazito wa akili. Wa kusini, jua limewapika kupita kiasi, wakawa wepesi wa kucheka na kusahau. Wa katikati ndio waliotimia.

"Sisemi mimi, Baba Nekesa, ndivyo walivyoandika. Binti yako mwema, lakini si kufu ya Saidi."

Baba akapuliza chai yake. "Jua gani, bana? Hapa Kitale asubuhi tunatoka na blanketi."

Mzee akacheka.

"Lakini hata sisi tuna yetu," baba akaendelea. "Mwoaji anataja ukoo wake na ukoo wa mama yake, wazee wanapima. Ukoo wako nani anaujua hapa? Kwetu wewe ni mtu wa kuja tu. Ningekataa mimi, ila nilikuwa naona haya."

Wakacheka pamoja, kama watu waliotuliwa mzigo.

Nekesa alikuwa bado amesimama na birika. "Na mimi, baba, niko mkanda gani?"

"Wewe ongeza chai."

Akaongeza.

Mimi nilifurahi kwamba wazee hawakugombana, nikadhani mambo yameisha vizuri. Baadaye Nekesa aliolewa Endebess, kwa watu wa ukoo unaojulikana, akaishi huko kwa heshima, na jina la Saidi sikulisikia tena kinywani mwake.

Kwa miaka mingi nilikilaumu kile kitabu. Ilinibidi niwe mtu mzima, mwenye mabinti, ndipo nielewe kwamba kisingeweza kitu peke yake. Walioandika walikuwa watu wa mbali, wamekufa zamani, wala hawakumjua Nekesa. Baba alimjua, na alimpenda kuliko sisi wote.