Jina Nililolitaja Kiti Kikiwa Wazi

Jumatatu, tarehe 11 Februari 2013, saa nane na kitu mchana, nilikuwa nyuma ya nyumba yangu Goba nikichambua mchicha kwa vidole, kwa kuwa macho yalikwisha kuacha kunisaidia katika kazi hiyo. Jirani yangu aliniita kutoka upande wa pili wa michongoma.

“Shoga! Mzee wenu wa Roma kaacha kazi.”

“Mzee gani?”

“Papa. Redio imesema sasa hivi.”

“Mwalimu, usinitanie. Papa haachi kazi. Papa hufa.”

“Basi huyu kaacha kabla hajafa. Toka huko kwenye mchicha uje usikie mwenyewe.”

Nilikwenda, mikono ikiwa bado na udongo. Mtangazaji alisema kwamba Baba Mtakatifu ameona nguvu za mwili na za akili zimempungukia, hawezi tena kuitumikia kazi aliyopewa, na kwamba ataondoka tarehe 28 ya mwezi huohuo, saa mbili usiku kwa saa za Roma. Kwetu ingekuwa saa nne. Jirani yangu alicheka kidogo, akasema hata mapadri wamejifunza kustaafu kama walimu wa serikali. Mimi sikucheka. Nilihisi kama mtu aliyetajwa jina hadharani.

Inanipasa kueleza kwa nini. Mume wangu alikuwa mchongaji wa vinyago pale Mwenge, mtu wa kusini kama mimi, na katika ndoa yetu yeye ndiye aliyesoma na mimi ndiye niliyesomewa. Alipofariki mwaka 1993, ndugu zake walileta karatasi siku ya tatu baada ya maziko, nikabonyeza dole gumba bila kujua nini kimeandikwa. Wiki iliyofuata walikuja kuchukua patasi zake zote, nyundo zake, na magogo ya mpingo aliyokuwa ameyaanika kwa miaka. Karatasi ilisema nimeridhia. Jumatatu, tarehe 10 Januari 1994, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, niliingia darasa la watu wazima na kukaa kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watoto. Aliyenifundisha ni huyohuyo jirani yangu, Mwislamu wa pwani aliyezaliwa Temeke, mwanamke asiyejua kumhurumia mwanafunzi mzembe. Tarehe 1 Desemba 1996, Jumapili ya kwanza ya Majilio, nilisimama mbele ya kanisa letu nikasoma somo la kwanza kwa sauti yangu mwenyewe, na tangu siku ile hakuna ndugu wa mume wala mtu mwingine aliyethubutu kunisogezea karatasi bila kunieleza.

Niliposikia habari za Roma, nilikuwa nimesoma pale mbele kwa miaka kumi na sita, na kwa miaka saba ya mwisho nilikuwa mwenyekiti wa wasomaji wa parokia. Sina cheo kingine. Wapo wanawake wenye wana waliojenga magorofa. Mimi nilikuwa na mimbari ile.

Tarehe 19 Novemba 2012 daktari wa macho aliniambia ni presha ya macho, kwamba nimechelewa, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Alinipa dawa ya matone kulinda kilichobaki, nacho kilikuwa kidogo: mwanga, vivuli, na sura ya mtu akinikaribia sana. Maandishi yalikuwa yamekwisha kuondoka. Sikumwambia paroko. Sikumwambia msomaji mwenzangu hata mmoja. Nilimwambia Mwalimu peke yake, naye, baada ya kunigombeza kwa kukaa kimya muda mrefu, alikubali jambo ambalo sikuwa na haki ya kumwomba. Kila Ijumaa, akisharudi msikitini na kula, alikaa kibarazani kwangu na kunisomea masomo ya Jumapili, mstari kwa mstari, mpaka niyashike. Baada ya masomo alinisomea maombi ya waamini kutoka daftari la wasomaji. Jumapili nilipanda mbele, nikafungua kitabu mahali palipowekwa utepe, nikainamisha kichwa, nikatamka. Watu walinisifu kwamba siku hizi nasoma kwa utulivu zaidi.

“Huyu Musa wenu ndiye Musa wetu,” aliniambia Ijumaa ya tarehe 1 Machi, tulipokuwa kwenye habari za kichaka kilichowaka moto. “Ila nyie mnamchelewesha sana kufika kwa Farao.”

“Soma, Mwalimu.”

“Nasoma. Na nyie mnasema uongo ni dhambi, sivyo?”

“Soma.”

Katika majuma yale parokia nzima ilinitegemea kwa tarehe. Paroko alikuwa ametueleza taratibu, na mimi nilizishika kama nilivyoshika kila kitu, kwa kichwa. Kujiuzulu kwa Papa hakuhitaji kukubaliwa na mtu yeyote. Yatosha akutamke kwa hiari yake na kujulikane. Kiti kikishakuwa wazi, makardinali wasiofika miaka themanini huingia na kufungiwa mpaka wachague. Kila mmoja huandika jina katika karatasi, kwa mwandiko ambao wenzake hawatautambua, akaikunja. Hupigwa kura mpaka mmoja apate theluthi mbili. Karatasi huchomwa, na moshi wake huwa mweusi au mweupe. Alhamisi, tarehe 28, katika jumuiya yetu, ni mimi niliyewakumbusha wasomaji: “Kuanzia saa nne usiku huu hatuna Papa. Jumapili mtu asitaje jina lake katika maombi. Tutawaombea makardinali.” Niliwaambia hivyo kwa kidole kilichoinuliwa.

Jumapili, tarehe 3 Machi, kabla ya misa ya kwanza, katibu wetu, mwanamume wa makamo anayefundisha udereva, alinipa karatasi katika sakristia, chumba cha kuvalia cha padri.

“Shikamoo mama. Maombi nimeyaandika upya, kwa sababu ya ile hali.”

“Marahaba. Umefanya vyema,” nikasema, nikaikunja kama mtu aliyekwisha kuiona.

Somo la Musa lilikwenda bila kujikwaa hata mahali pamoja. Nilirudi kukaa nikiwa na furaha. Maombi yalipofika nilisimama tena, nikaikunjua karatasi, nikaishika mbele ya uso wangu, nikaanza. Nilikuwa nimejiapia kulibadilisha ombi la kwanza. Lakini kitu kilichokaririwa ni kama kamba ndani ya kisima: ukivuta ncha, yote inakuja. Kwa karibu miaka minane nilikuwa nimelitamka jina lile kila Jumapili ya zamu yangu, na mdomo haukuningoja. Niliomba Mungu amlinde Baba Mtakatifu wetu, nikamtaja kwa jina, amjalie nguvu za kuliongoza Kanisa lake.

Kanisa halikuitika. Nilisikia viatu vikisogea chini ya mabenchi. Kisha, kutoka upande wa kwaya, sauti ya mama mmoja ambaye hajawahi kujua kunong'ona: “Jamani! Kamrudisha kazini!” Wakacheka. Mwingine akamwambia, “We, nyamaza. Huoni karatasi? Kaigeuza. Maandishi yanatuangalia sisi.”

Ni kweli. Upande niliokuwa nikiusoma, nikipepesa macho kutoka kushoto kwenda kulia ili watu waniamini, ulikuwa mweupe, hauna neno. Nilimaliza maombi yote manne. Sijui kwa nini nilimaliza. Paroko, katika sala yake ya altareni, alipofika mahali pa kumtaja Papa, alipita kimya, na ukimya ule mfupi niliupokea kama kofi.

Hakuna aliyeniuliza kitu mlangoni. Walinishika mkono wakanisaidia kushuka ngazi, ngazi ambazo nilikuwa nikizishuka peke yangu asubuhi hiyohiyo.

Jioni Mwalimu alikuja. Alikwisha kusikia; Goba ni vilima, na habari huteremka.

“Kosa ni langu,” alisema. “Nilikusomea daftari la zamani. Mie nitajuaje kwamba mzee akiondoka na jina linaondoka?”

“Mimi nilijua.”

“Haya. Sasa fanya kama yeye. Kaona mwenyewe, kasema mwenyewe, katoka na heshima yake. Wewe unangoja usukumwe?”

“Yeye amekuwa Papa. Hata akitoka, atakuwa aliyekuwa Papa mpaka afe. Mimi nikishuka pale nabaki nini, Mwalimu? Kipofu wa Goba. Mjane anayeongozwa chooni. Watanisogezea karatasi tena.”

“Hakuna wa kukusogezea karatasi mie nikiwa hai.”

“Una miaka sabini na mbili.”

Akasema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani, “Basi jiuzulu vizuri.”

Nilikubali, lakini sikukubali kwa unyofu, na hili ndilo ninaloliona aibu kuliko karatasi iliyogeuzwa. Nilipiga hesabu za mtu aliyekwama. Niliwaza kwamba nikisimama mwenyewe na kutangaza kuacha uenyekiti, watapinga. Watasema: mama, kaa; mama, macho si kitu, unayajua masomo kuliko sisi tunaoona. Nitakataa mara ya kwanza, nitakataa mara ya pili, na mara ya tatu nitakubali kubaki, na safari hii nitabaki bila uongo, nikikariri kwa ruhusa.

Kikao kilikuwa Jumamosi, tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa parokia. Tulikuwa wasomaji kumi na mmoja, bila kumhesabu paroko. Nilisimama nikaeleza ugonjwa wangu na tarehe niliyoambiwa. Niliomba radhi kwa udanganyifu wa miezi mitatu na nusu. Nikasema kwamba kwa hiari yangu naacha uenyekiti. Nikakaa.

Nikangoja.

Feni ya ukumbi ilikuwa ikigonga kitu kila inapozunguka. Nilihesabu mizunguko hadi ishirini na mitatu. Mtu alikohoa. Halafu paroko akasema kwa upole mwingi, “Tunakushukuru, mama. Kama nilivyowaeleza, jambo la namna hii halihitaji kukubaliwa na mtu. Limekwisha. Basi tuchague.”

Akaongeza, na wengine wakachangamka, kwamba kwa kuwa ulimwengu mzima unangoja uchaguzi, nasi tuige. Karatasi za kukunja, jina moja kila mtu, theluthi mbili. “Roma wako mia na kumi na tano, wanahitaji sabini na saba. Sisi tuko kumi na mmoja, tunahitaji wanane. Na mfiche miandiko yenu.” Walicheka. Mtu aliweka karatasi na kalamu mkononi mwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nitahitaji kuandikiwa.

“Najua kuandika,” nilisema.

Niliandika jina langu. Naandika hili leo, kwa mkono wa Mwalimu ambaye ninamtamkia maneno yangu naye anayaweka chini, na nimesikia kalamu yake ikisimama. Ndiyo, Mwalimu, andika. Niliandika jina langu, herufi kubwa, moja baada ya nyingine, nikipima nafasi kwa ukucha wa kidole gumba.

Katibu alizifungua mbele ya wote. Alitaja jina la muuguzi wa zahanati, mwanamke mwenye sauti safi aliyejiunga nasi miaka minne tu iliyopita. Akalitaja tena, na tena. Karatasi moja ilikuwa na jina la katibu mwenyewe, wakamtania. Halafu akasita.

“Hii…”

“Soma,” alisema paroko.

“Hii ina jina la mama.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Herufi zangu zinajulikana. Hakuna mwingine pale aliyejifunza kuandika ukubwani, hakuna mwingine ambaye herufi zake zimesimama mbalimbali kama nguzo za ua. Afadhali wangecheka. Kura tisa kwa muuguzi, moja kwa katibu, moja kwangu. Karatasi zilichomwa nje katika jiko la mkaa la mama mpishi, kwa ajili ya kukamilisha mfano, na mtu akauliza moshi ni wa rangi gani, wakajibizana huko nje. Mimi nilibaki kwenye kiti.

Mwenyekiti mpya alisema nitakuwa mshauri wao daima. Kisha akapewa orodha ya wasomaji hadi Pasaka aisome. Ilikuwa imekwisha kuchapwa kabla ya kikao. Ilipopitia mkononi mwangu nilisikia ulaini wa karatasi ya mashine. Tarehe 10, sikutajwa. Tarehe 17. Tarehe 24, Jumapili ya Matawi. Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu. Mkesha wa Pasaka una masomo saba kabla ya waraka, na nilidhani katika saba haitakosekana nafasi ya mtu mmoja anayejua yote bila kitabu. Alitaja majina saba. Akataja Pasaka yenyewe, tarehe 31, akakunja karatasi.

Jumatano, tarehe 13 Machi, Mwalimu alinipeleka sebuleni kwake mbele ya televisheni, ingawa nilikuwa sijala tangu jana yake na sikutaka kutoka. Ilikuwa imepita saa tatu usiku. Niliona mwanga unatikisika, basi.

“Rangi gani?” nikauliza.

“Ngoja. Mweupe. Mweupe kabisa, shoga. Watu wanakimbia na miavuli.”

Tulingoja zaidi ya saa nzima. Papa mpya alipotoka kwenye roshani Mwalimu alinieleza mavazi yake, akanieleza jinsi alivyoinama na kuwaomba watu wamwombee kabla yeye hajawabariki. Kisha akanitajia jina jipya alilojichagulia.

Nililirudia polepole. Nikaliweka ndani ya ombi, mahali pale lilipokuwa jina la yule wa kwanza, nikalipitisha mdomoni mara tatu, nne, ili Jumapili lisije likanipotea. Nilikuwa katika mara ya tano nilipokumbuka kwamba Jumapili sina zamu.

“Unanong'ona nini?” aliuliza Mwalimu.

“Nasali,” nilimjibu. Hakuniamini, akazima televisheni, akakaa karibu nami.