Jezi Niliyoivua Uwanjani

Mdogo wangu wa mwisho amerudi mazoezini akinuka dawa ya kuchua, na harufu hiyo imenirudisha kwenye uwanja wa shule moja ya binafsi kule Nachingwea.

Wazazi walipofariki niliacha shule nikalea wadogo zangu kijijini Nkowe. Mwalimu wa michezo alinifuata kwa bodaboda nikiwa naokota korosho. Shule yenye basi na maktaba ilikosa mfungaji wa netiboli, ikaja kumtafuta shambani.

"Binti, tuchezee fainali. Tukishinda, mkuu atakupa nafasi ya kusoma."

Nikapewa jezi ya msichana mwingine. Wenzake walinichua magoti, wakanifundisha kuitikia jina lake.

"Ukiulizwa, baba yako daktari," walisema, wakacheka. Nami nikacheka. Hilo la kucheka ndilo linaloniuma mpaka leo.

Tulishinda, na magoli karibu yote nilifunga mimi. Wazazi waliokuja na magari yao walishangilia jina la yule msichana. Tulipopangwa kupiga picha na kombe, mwalimu akanishika bega.

"Mamluki hapigwi picha. Vua jezi, mwenyewe aivae."

"Na darasa, mwalimu?"

"Darasa gani?"

Nikavua, nikabaki na blauzi yangu ya shambani. Msichana akaivaa ikiwa bado imelowa jasho langu, akainua kombe.

Mdogo wangu ananyoosha mguu nimchue. "Dada, Jumamosi tuna mechi."

"Kwenye orodha wameandika jina la nani?"

"Langu."

"Jumamosi nakuja. Nataka kuliona."